Madaftari Yanapopingana: Safari ya Edinburgh na Pwani ya Moray

Mji wa Edinburgh umejengwa juu ya vilima, na mgeni atokaye pwani yetu huujua kwa miguu kabla hajaujua kwa macho, kwa kuwa karibu kila njia ni kupanda au kushuka. Katika ncha ya mashariki ya barabara kuu iitwayo Princes Street, nyuma ya sanamu ya Duke wa Wellington juu ya farasi wake, limesimama jumba ambalo halikujengwa kwa ajili ya mfalme wala askari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1774, kwa ramani ya msanifu Robert Adam, nalo lilikusudiwa kuhifadhi karatasi. Ubavuni mwake lipo jumba la pili, la karne ya 19, lenye kuba kubwa. Chini ya kuba hiyo rafu za vitabu zimepanda tabaka juu ya tabaka: vyekundu ni vya waliozaliwa, vya kijani ni vya waliooana, na vyeusi ni vya waliokufa. Tulisimama tukitazama juu, tukaona maisha ya taifa zima yamejalidiwa kwa rangi tatu.

Hatukwenda huko kwa matembezi tu. Mpwa wetu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, ameolewa na bwana wa Kiskoti, na bwana huyo alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Binamu yake mmoja alikuwa amechora mti wa ukoo wao, akauchapisha vizuri na kuugawa kwa jamaa wote. Katika mti huo, mama mzazi wa babu yake, ambaye katika makala haya tutamwita Bibi, ameandikwa kuwa kitinda mimba wa mvuvi mmoja na mkewe, watu wa pwani ya Moray, kaskazini mwa nchi. Kando yake yupo dada mkubwa aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, na chini ya jina la dada huyo pameandikwa neno moja tu: hakuzaa. Mwenyeji wetu alikuwa amepata karatasi isemayo kinyume. "Mjomba," alituambia kwa Kiswahili alichofunzwa na mkewe, "nyinyi mmesomea namna ya kupima maneno ya mashahidi. Njooni tuyapime haya pamoja."

Msomaji wetu atahitaji kwanza kujua karatasi za Waskoti zinavyoandikwa. Kabla ya mwaka 1855 kazi hiyo ilikuwa ya Kanisa la Uskoti, katika parokia zake zipatazo 900. Daftari la zamani kuliko yote lililosalia ni la parokia ya Errol, nalo linaanzia mwaka 1553. Lakini madaftari hayo yana mapengo mengi. Karani mmoja aliandika kwa bidii na mwingine kwa uvivu; waliojitenga na kanisa hilo hawakupeleka watoto wao kuandikwa humo; na kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni 3 kwa kila jina lililoandikwa, basi maskini wengi wakaona heri mtoto asiandikwe. Kuanzia tarehe 1 Januari 1855 sheria ikawalazimu watu wote kwenda kwa msajili wa serikali, na tangu siku hiyo Uskoti imekuwa na kumbukumbu ambazo nchi jirani huzionea wivu.

Sababu ya wivu huo ni wingi wa habari zilizomo. Cheti cha kifo cha Uskoti humtaja baba wa marehemu, na humtaja mama pamoja na jina la ukoo aliozaliwa nao. Cheti cha ndoa huwataja wazazi wa bwana na wazazi wa bibi harusi, wote wanne. Tena mwanamke wa Kiskoti, katika hati za kisheria, hakupoteza jina la baba yake kwa kuolewa. Hata makaburini mke huandikwa kwa jina la kwao. Jambo hilo lilitupendeza, kwa kuwa nasi kwetu binti wa mtu hubaki binti wa babake hata akiwa na wajukuu.

Hata hivyo, habari zikiwa nyingi na nafasi za kupingana huwa nyingi. Katika sensa ya mwaka 1841 makarani waliagizwa kuishusha miaka ya kila aliyepita 15 hadi kwenye tano iliyo karibu, hivyo mwenye miaka 39 akaandikwa 35. Atakayeisoma bila kulijua agizo hilo atadhani ni watu wawili. Majina nayo yana safari zake. Janet wa kanisani huwa Jessie nyumbani, na Donald huweza kuwa Daniel mbele ya karani asiyejua Kigaeli. Jina la kike la Kigaeli, Oighrig, liliandikwa kwa Kiingereza mara Effie, mara Euphemia, na mara nyingine Africa, na mwenye jina ni yule yule. Hata David Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa Zanzibar ingali ikionyeshwa kwa wageni, katika ujana wake alitia saini kama Livingston, bila herufi ya mwisho, kama babake alivyoandika wakati huo. Lau tungeshika herufi na kuacha mtu, tungempa Livingstone ukoo mwingine.

Basi tukakaa na mwenyeji wetu katika chumba cha watafiti, tukazipanga karatasi za Bibi kwa mfuatano wa miaka, bila kuisikiliza moja zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni ya kuzaliwa, ya mwaka 1868. Mama aliyetajwa ni yule mtumishi wa nyumbani. Mahali pa baba ni patupu, na pameandikwa kwamba mtoto ni wa nje ya ndoa. Ya pili ni sensa ya mwaka 1871: mtoto yuko nyumbani kwa mvuvi na mkewe, ameandikwa mjukuu. Ya tatu ni sensa ya mwaka 1881: nyumba imehamia kijiji kingine cha pwani hiyo hiyo, na mtoto sasa ameandikwa binti. Ya nne ni cheti cha ndoa cha mwaka 1891, ambamo wazazi wa bibi harusi ni mvuvi na mkewe. Ya tano ni cheti cha kifo cha mwaka 1949, chenye wazazi hao hao. Ya sita ni jiwe la kaburi, nalo limefuata cheti cha kifo.

Binamu aliyechora mti alikuwa na hoja ya wazi: karatasi nne zinasema mama ni mke wa mvuvi, na mbili tu zinasema ni mtumishi, basi wengi wape. Hoja hii huwavutia watu wengi, na ndiyo iliyojaza miti ya nasaba mababu wa kuazimwa. Lakini ushahidi hauhesabiwi kwa vichwa. Tulimwomba mwenyeji wetu aulize kila karatasi maswali matatu. Ni nani aliyesema? Aliyajuaje aliyoyasema? Na alikuwa na nini cha kutumaini au cha kuogopa siku ile aliposema?

Waskoti wamelirahisisha swali la kwanza. Msajili hakuandika habari tu, aliandika pia jina la mtoa habari, uhusiano wake na mhusika, na katika vifo, kama alikuwapo roho ilipotoka. Katika cheti cha kuzaliwa mtoa habari ni mama mwenyewe. Hakujua kuandika, akaweka alama ya msalaba, na msajili akaithibitisha. Alifika ndani ya siku 21 zilizowekwa na sheria, akakiri mbele ya mtu mzima wa mji mdogo jambo ambalo kila mtu angemlaumu kwalo. Mtu husema uongo ili apate heshima. Huyu alisema neno lililomvunjia heshima, na hapakuwa na faida aliyoitaraji kwalo.

Tulipozitazama zile karatasi nne, wingi wake ukayeyuka. Cheti cha kifo kilitolewa habari na mwana wa mwisho wa Bibi, aliyezaliwa miaka 40 baada ya mamake kuzaliwa, na alisema alichoambiwa na mamake. Jiwe la kaburi lilichongwa kwa agizo la mwana huyo huyo. Cheti cha ndoa alisema Bibi mwenyewe. Na Bibi alijua kilichosemwa nyumbani kwa mvuvi, ambaye ndiye aliyemjibu karani wa sensa mwaka 1881. Mitungi minne iliyotekwa kisima kimoja haiwi visima vinne. Kuhama kijiji nako kukawa na maana: mwaka 1871 walikaa pale ambapo kila jirani aliijua habari, hawakuwa na la kuficha, mwaka 1881 walikuwa wageni mahali papya, na mvuvi akampa mjukuu wake sitara ya jina lake.

Kisha ikatokea ya saba. Pembezoni mwa kile cheti cha kuzaliwa palikuwa na maandishi madogo yaliyomwelekeza msomaji kwenye daftari jingine, Daftari la Masahihisho. Hapo tulijifunza jambo linalostahili kusifiwa. Msajili wa Kiskoti akigundua kosa, au mahakama ikitoa hukumu, hafuti wino wa kwanza. Huuacha kama ulivyo, kisha sahihisho huandikwa katika kitabu cha pembeni likiwa na tarehe na sababu, na pembezoni mwa ule ukurasa wa awali huwekwa ishara ya kumpeleka msomaji huko. Kauli ya kwanza na ya pili zote husalia, na msomaji huziona zote mbili.

Sahihisho la Bibi lilikuwa hukumu ya mwaka 1869. Mtumishi yule, asiyejua kuandika, alikuwa amemshitaki mwanamume mbele ya sherifu, na sherifu akahukumu kwamba yeye ndiye baba wa mtoto. Msomaji asidhani tumekosea neno. Kwetu sharifu ni mtu wa ukoo mtukufu. Huko sheriff ni hakimu wa wilaya, na mashauri ya namna hiyo yalikuwa katika kazi zake za kila siku, kwa kuwa baba asiyetaka kumtambua mwanawe aliweza kulazimishwa kutoa matunzo. Baba aliyehukumiwa alikuwa mvuvi, na baada ya jina lake pameongezwa lakabu.

Lakabu hiyo ndiyo iliyotutoa Edinburgh. Gari la moshi la kaskazini huvuka daraja kubwa jekundu la mlango wa bahari wa Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, likapita Aberdeen, mji wa mawe ya kijivu, ndipo likakata mashamba ya shayiri hadi Elgin. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi baharini. Tulifika katika siku ndefu za Juni, saa nne za usiku na mwanga ungali juu ya maji. Vijiji vya wavuvi vimepangana ufukweni, na nyumba nyingi zimegeuza kiambaza cha ubavuni baharini ili upepo usipate pa kushika. Mtu wa Lamu angeielewa akili hiyo, ingawa baridi yake ingemkimbiza.

Katika vijiji hivyo, kama huko Buckie na jirani zake, koo zilikuwa chache na majina ya kupewa yalikuwa machache zaidi, basi wanaume watatu au wanne wenye jina moja waliweza kuwa wa kizazi kimoja na mtaa mmoja. Ili kuwatenga, kila nyumba ilipewa lakabu, na lakabu ikaingia hata katika hati rasmi. Asiyeijua atawaunganisha watu wasiojuana. Katika kijiji cha kwanza cha Bibi walikuwapo wavuvi wawili wa jina la yule aliyehukumiwa, wa umri mmoja, na ni lakabu tu iliyomwonyesha aliye wake.

Baba wa mwenyeji wetu bado yu hai, mzee aliyepita miaka 80, akaaye katika kijiji cha pili, hatua chache kutoka kaburi la Bibi. Alikuwa na miaka minane Bibi alipofariki. Mwanawe alisita sana kumwambia. Jamaa wengine walikuwa wamemsihi anyamaze, wakisema mzee wa makamo hayo hapaswi kuletewa aibu mlangoni. Sisi tulishauri kwamba mzee aulizwe kwanza kama anataka kusikia, kwa kuwa nasaba ni yake kabla ya kuwa yetu. Akaulizwa, akasema anataka.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema, na mwanawe akatufasiria, kwamba tangu utotoni kulikuwa na jambo la jina la shangazi yake mkubwa ambalo hakuna aliyeweza kumweleza. Waskoti wa zamani walikuwa na desturi karibu na yetu: mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza huitwa jina la bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Bibi alizaa binti wa kwanza mwaka 1892. Lau mke wa mvuvi angekuwa ndiye mama, mtoto angebeba jina lake. Hakulibeba. Alipewa jina la yule mtumishi, na jina la mke wa mvuvi likangoja hadi binti wa nne.

Desturi si sheria, na peke yake isingetosha. Lakini iliposimama pamoja na alama ya msalaba na hukumu ya sherifu, ilitwambia jambo ambalo hakuna daftari lililoulizwa: Bibi alijua. Na palikuwa na karatasi ya nane, ambayo mwenyeji wetu alikuwa amechelea kumsomea babake. Mtumishi yule alikufa mwaka 1896, hakuolewa, na alifia nyumbani kwa Bibi. Mtoa habari ni Bibi mwenyewe, kwa saini yake. Mahali pa uhusiano ameandika: dada. Baada yake: alikuwapo.

Karatasi hii ndiyo iliyotufunza kwa nini swali la tatu ni la lazima. Aliyeisaini alijua ukweli kuliko mtu yeyote duniani, na alikuwapo, na bado aliandika lisilokuwa. Hatukumwita mwongo. Miaka mitano nyuma alikuwa ameolewa kwa jina la mvuvi, alikuwa na watoto wadogo na majirani wenye masikio. Angesema vinginevyo mbele ya msajili, angeivua nyumba yake nguo. Alimficha mamake katika wino, akamtangaza katika jina la mtoto wake, lililoitwa mlangoni kila siku na hakuna aliyeshtuka.

Kabla ya kurudi tulipelekwa Lossiemouth, mji mdogo wa bandari juu ya pwani hiyo hiyo, ambako ndege za jeshi hupita juu ya mapaa zikinguruma. Huko alizaliwa, mwaka 1866, mtu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kutoka chama cha Leba, Ramsay MacDonald. Mamake, Anne Ramsay, alikuwa mtumishi, babake, John MacDonald, mkulima wa kuajiriwa, wala hawakuoana. Msajili alimwandika James McDonald Ramsay, naye akakua na kujulikana kwa jina la MacDonald. Mwaka 1915, alipokuwa akichukiwa kwa kupinga vita, mhariri Horatio Bottomley alichapisha cheti hicho cha kuzaliwa katika gazeti lake, John Bull, ili kumfedhehesha. MacDonald aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuwa amejua kabla ya siku ile kuwa aliandikwa kwa jina la Ramsay.

Wino wa cheti kile ulikuwa wa kweli, ila nia ya aliyekichapisha ilikuwa chafu. Miaka 7 baadaye Bottomley alifungwa kwa ulaghai, na MacDonald akawa waziri mkuu mwaka 1924. Tuliiona nyumba ndogo alimozaliwa, na bamba la ukumbusho ukutani, kisha tukafika makaburi ya Spynie alikozikwa kando ya mkewe. Yule mzee alikuja pamoja nasi. Kisa kile anakijua tangu shuleni, lakini safari hii alisimama mbele ya kaburi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku iliyofuata alichukua daftari la ukoo wao, akaandika kwa mkono wake. Hakukata jina la mvuvi wala la mkewe. Aliwaandika waliomlea Bibi na kumpa jina. Akaandika mama aliyemzaa, na baba kwa hukumu ya mahakama, pamoja na lakabu yake. Chini ya kila kauli aliweka ni nani aliyeisema na mwaka gani. Neno "hakuzaa" alilifuta kwa mstari mmoja mwembamba, bado lasomeka, na juu yake akaandika idadi ya wajukuu, vitukuu na vilembwe wa yule mtumishi aliowajua kwa majina. Kuhusu jiwe la kaburi alisema liachwe: lilichongwa na mwana aliyempenda mamake, kwa alilolijua.

Wasomaji wetu nao wana karatasi zao: vyeti vya ndoa vya kadhi, vitambulisho vya wazee ambavyo siku ya kuzaliwa ilikisiwa tu, nasaba zilizoandikwa nyuma ya vitabu, na maneno ya mabibi ambayo hayajaandikwa popote. Zikipingana, msikimbilie kuchagua moja na kuchana nyingine. Kaeni na wazee wenu wangali hai, waulizeni kwa adabu, na muwaache wanyamaze wanapotaka kunyamaza. Watakapokubali kusema, andikeni kwanza jina la msemaji na tarehe ya leo, kisha ndipo muandike alilosema.